Kabla ya jina la boti, majina ya abiria

Serikali ikileta boti mpya za umma, wakaaji waulizwe majina. Mwaka 1973 Ziwa Edward lilipewa jina la Idi Amin, na Ziwa Albert likaitwa Mobutu. Majina yale yaliondoka pamoja na wakubwa wenyewe.

Lakini jina lisiwe bomboni ya kunyamazisha watu. Tarehe 3 Oktoba 2024, MV Merdi ilitoka Minova ikazama karibu na bandari ya Kituku, Goma. Vita vilikuwa vimefunga barabara, watu wakajazwa botini kupita kiasi. Jina la boti linajulikana hadi leo. Na ya abiria? Hata hesabu ya waliokufa ilibishaniwa.

Familia zilizokimbia Kanyabayonga mwezi Juni 2024 zinajua uchungu wa kutafuta mtu asiyeandikwa popote. Basi wakaaji wakiulizwa jina, wajibu kwa masharti: orodha ya abiria ibaki bandarini, kila mmoja apate jile ya kuokoa maisha, na watoto wahesabiwe. Boti isiyojua majina ya watu wake haistahili kupewa jina na watu hao.