Kipepeo, Jirani na Shamba la Pamba

Mkulima wa pamba wa Shinyanga ana adui wa miaka mingi: funza wa vitumba. Ili kumshinda hunyunyizia viuatilifu, mara nyingi bila glavu wala barakoa. Sayansi imeleta njia nyingine, nayo ni kuitia pamba kinasaba cha bakteria wa udongo, Bacillus thuringiensis, ili mmea wenyewe utengeneze protini inayomuua funza. Kenya iliidhinisha kilimo cha pamba hiyo mwaka 2019. Tanzania ilisitisha majaribio ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba mwaka 2021.

Wanaoyapinga mazao hayo humtaja kipepeo. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwalisha viwavi wa kipepeo aitwaye monarch majani yenye chavua ya mahindi ya namna hiyo, na karibu nusu ya viwavi walikufa. Tafiti za mashambani zilizochapishwa mwaka 2001 zilionyesha kwamba chavua inayofika kwenye majani ni kidogo, hivyo hatari ni ndogo mno, isipokuwa kwa aina moja ya mahindi ambayo baadaye iliacha kuuzwa. Hofu ile haikuwa ya bure, kwa kuwa ndiyo iliyoleta vipimo. Tena, haki inataka pamba hiyo ilinganishwe na shamba linalonyunyiziwa leo, kwani viuatilifu vingi havichagui: huua funza, kipepeo na nyuki pamoja.

Suala la jirani ni zito zaidi. Wilayani Meatu, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga hadi mwaka 2012, wapo wanaolima pamba ya kilimo hai, ambayo masharti ya soko lake hayaruhusu mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Chavua ya pamba ni nzito na hunata, kwa hiyo huchukuliwa na nyuki kuliko upepo. Lakini mbegu huweza kuchanganyika hata magunia na vinuni. Mchanganyiko huo ungemnyima soko mtu ambaye hakuipanda mbegu hiyo wala hakuulizwa. Mwaka 2015 kanuni za nchi zilirekebishwa kwa upande wa utafiti, ikawa anayedai fidia athibitishe kosa la mwenye jaribio. Mkulima wa ekari mbili atapata wapi maabara ya kuthibitishia? Mlango ukifunguliwa tena, mzigo huo umwangukie mwenye mbegu.

Kwa sasa madhara yanayofika zahanati ni ya viuatilifu. Mgonjwa anayetokwa na jasho na mate mengi, anayetapika na ambaye mboni zake zimesinyaa, aulizwe kama amenyunyizia shamba, au kama jirani yake amenyunyizia. Jibu hilo liandikwe kwenye kumbukumbu zake. Siku taifa litakapoamua juu ya mbegu mpya, kumbukumbu hizo zitaonyesha gharama ya njia ya zamani, ambayo bila kujulikana hakuna ulinganisho wa haki.