Bunduki ya zamani isipigwe msasa

Bunduki ya zamani ikipigwa msasa, nusu ya habari zake huondoka na vumbi. Nasema hivi nikiwa seremala, mzaliwa wa Tanga, ninayeishi katika jimbo la New York na kufanya kazi ya kukarabati vitako vya bunduki za marisau za mitutu miwili. Kila msimu wa kuwinda unapokaribia, huja mtu na bunduki ya babu yake akaniambia, "Fundi, ing'arishe iwe kama mpya." Ninakataa.

Huku ndiko nyumbani kwa bunduki hizo. L.C. Smith ilianzia Syracuse, na tangu 1890 ikawa inatengenezwa Fulton na kampuni ya Hunter Arms. Lefever ni ya Syracuse pia. Ithaca ilitoka katika mji wenye jina hilohilo. Parker Brothers walikuwa Meriden, jimbo la Connecticut, na A.H. Fox alikuwa Philadelphia. Hawa hawakuwa watu wa silaha peke yake: Charles Parker alianza na vinu vya kusagia kahawa, na Lyman Smith, ambaye L.C. Smith ni jina lake, aliiuza biashara ya bunduki, akahamia kwenye mashine za taipu. Kampuni yake ndiyo iliyokuja kuwa Smith-Corona.

Nianze na mbao, maana ndiyo kazi yangu. Kitako kilichotoka kiwandani ni cha mbao ya mjozi, na pale kinapokutana na chuma, mbao huwa imeinuka kidogo sana juu ya chuma. Pitisha kidole gumba utaisikia. Kikishapigwa msasa mambo hugeuka: chuma ndicho kinachotokeza na mbao imezama, hata upake vanishi ya namna gani. Mistari iliyokatwa kwa mkono mahali pa kushikia nayo huwa imelala, haina ncha. Mnunuzi mzoefu huyatazama hayo kabla hajauliza bei.

Sisemi bunduki iachwe ioze. L.C. Smith, kwa mfano, ina ugonjwa wake unaojulikana. Mitambo yake imefungwa ubavuni, kwa hiyo mbao ya hapo imechimbwa ikabaki nyembamba, na nyuma ya kile kibati cha pembeni hutokea ufa. Mafuta ya miaka mingi yamenywewa na mbao ikalainika, na kila mshindo unauongeza ufa. Huo nautibu: naondoa mafuta, natia gundi kwa ndani, nabana, nasubiri. Nje sigusi. Ufa usipotibiwa kitako kitapasuka, lakini weusi wa jasho la mikono ya mwenyewe haujawahi kuvunja bunduki.

Chuma nacho kina mambo yake. Mwili wa bunduki ulipakiwa ndani ya unga wa mifupa na mkaa, ukapashwa moto sana, kisha ukatumbukizwa majini. Ukatoka mgumu na wenye mawingu ya buluu, kahawia na manjano. Mawingu hayo hufifia pale mkono unaposhika na kubaki kwenye pembe za ndani. Mitutu ya zamani zaidi ni ya Damaski: vipande vya chuma cha aina mbili vilivyosokotwa na kuunganishwa kwa moto, hata uso wake ukatoka na michoro kama ukili wa mkeka. Mwenye mashine ya kung'arishia huifuta michoro hiyo kwa mchana mmoja.

Ubaya mkubwa kuliko wote ni kwamba ung'arishaji umekuwa maficho ya matapeli. Parker walitengeneza bunduki zipatazo 242,000 kabla na baada ya kununuliwa na Remington mwaka 1934, na bei zake hutofautiana sana kwa daraja. Mtu huchukua Parker ya daraja la VH, yenye nakshi kidogo, akaichonga upya na kuigonga alama za daraja la juu. Kinachomuumbua ni namba. Namba ya bunduki hugongwa kwenye mwili na kwenye mitutu, na chini ya mitutu kuna alama za ukubwa wa mwili na uzito. Vitabu vingi vya oda vya kiwanda vimehifadhiwa, na chama cha wakusanyaji wa Parker hutoa barua inayoeleza bunduki ilivyoagizwa. Namba ikiliwa na msasa, barua hiyo haina pa kushika.

Ona maandishi yanavyopandisha bei: bunduki ya Fox ambayo Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alikuja nayo alipotua Mombasa Aprili 1909 iliuzwa mnadani mwaka 2010 kwa dola 862,500. Alipewa na Ansley Fox mwenyewe, akamwandikia barua ya shukrani, na akaitaja katika kitabu chake cha safari ile. Ukiondoa maandishi hayo, inabaki Fox nzuri sana ya daraja la juu, lakini bei hiyo huipati.

Kwa hiyo ndugu msomaji, hasa uliye Marekani, ukirithi au ukinunua bunduki ya namna hii, ifuate sheria ya mahali ulipo, kisha andika namba zote na upige picha kila alama. Usiitie risasi za kisasa kabla fundi hajaipima mitutu, na hasa ya Damaski. Na atakayekwambia ataifanya mpya, mnyang'anye urudi nayo nyumbani.