Datsun au Lancia?

Wenzangu wa bweni hapa Bujumbura huisifu sana Lancia Stratos, ile motokaa ya Italia yenye injini ya Ferrari nyuma ya dereva. Nzuri, sikatai. Lakini mimi ningechukua Datsun 240Z, ingawa waniita mwoga. Zote zina silinda 6 na injini ya lita 2.4 hivi, ila Datsun ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1971 na 1973. Stratos haikushinda kamwe. Mwaka 1975 ilitanguliwa na Peugeot 504, gari la kwendea sokoni! Tena Datsun ina mahali pa mizigo. Nikiharibikiwa katika mlima wa Bugarama, fundi atafunua boneti na kuiona injini mbele yake. Enyi wazee mliosoma hapa, mnaoupanda mlima ule, mwasemaje?