Vijiji vitano vinavyoshikiliwa na kuta za mawe

Hebu leo tuzuru pwani ya Liguria, kaskazini mwa Italia. Hapo, kando ya Bahari ya Mediterania, pana vijiji vitano vya kale vinavyojulikana kwa jina moja, Cinque Terre. Navyo ni Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore. Nyumba zake za rangi ya waridi, manjano na nyekundu zimebanana juu ya majabali utadhani ndege waliotua mtini.

Njia rahisi ni kupanda gari la moshi mjini La Spezia. Reli hupita ndani ya mahandaki, na ghafla unatoka gizani ukaiona bahari. Ukishuka Corniglia, jikaze! Kijiji kiko juu ya jabali, na ngazi ina vidato zaidi ya 370. Huko Vernazza utakuta bandari ndogo na mnara wa kale uliotumiwa kuwachunga maharamia.

Lakini usitazame bahari pekee. Geuka uangalie mlimani. Miteremko imekatwa matuta, na kila tuta limeshikiliwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji. Wakulima walizijenga kuta hizo kwa mikono, kizazi baada ya kizazi, wapate mahali pa kupanda mizabibu. Mwaka wa 1997 UNESCO ililiorodhesha eneo hili kuwa urithi wa dunia.

Kuta hizo si pambo. Vijana walipoacha jembe na kufuata kazi za mjini na utalii, nyingi zilikosa wa kuzitunza. Tuta lisilotunzwa huporomoka upesi. Mnamo Oktoba 25, 2011, mvua kubwa mno ilinyesha, udongo ukateremka, na barabara za Vernazza na Monterosso zikajaa matope. Watu walifariki. Mwaka uliofuata mawe yaliwaangukia watalii katika Via dell'Amore, njia mashuhuri ya kati ya Riomaggiore na Manarola. Ilifungwa hadi 2024.

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ukijaliwa kwenda, epuka Julai na Agosti, miezi ya msongamano. Vaa viatu imara, kwani anayepanda vijia vya mlimani kwa patipati aweza kutozwa faini. Tena, nunua mazao ya wakulima wa hapo. Senti zako ndizo zitakazowapa sababu ya kuinua jiwe lililoanguka.