BONDIA NA MSULUHISHI

Ngumi za kulipwa zimeruhusiwa tena Zanzibar katika miaka hii ya 2020, baada ya kukatazwa tangu miaka ya 1960. Vijana wetu wameupokea uamuzi huo kwa furaha, nasi pia. Lakini ngumi za kulipwa si mchezo tu, bali ni kazi. Na kila kazi ya mkataba ina siku yake ya ugomvi. Siku hiyo ikifika, bondia wetu atakwenda wapi?

Mahakama zipo, na ni haki ya kila mwananchi kuziendea. Hata hivyo, shauri la madai huweza kuchukua miaka, na umri wa bondia ulingoni ni mfupi. Kijana wa miaka 28 anayengoja hukumu kwa miaka minne huenda akaishinda kesi hali ameshindwa na umri. Kwa sababu hiyo wenzetu hutumia usuluhishi. Pande mbili hukubaliana ndani ya mkataba wenyewe kwamba tofauti zao zitapelekwa kwa msuluhishi. Huyo hasihi watu wapatane. Husikiliza ushahidi na kukata shauri, na uamuzi wake huwafunga wote.

Nguvu ya usuluhishi ilionekana mwaka 2021. Tyson Fury wa Uingereza alikuwa amempiga Deontay Wilder wa Marekani mwezi wa Februari 2020, na mkataba wao ulikuwa na kifungu cha marudiano. Fury akakusudia kupigana na Anthony Joshua huko Saudi Arabia, kwa pambano lililotarajiwa kuingiza fedha nyingi mno. Wilder akadai haki yake. Mwezi wa Mei 2021 jaji mstaafu Daniel Weinstein, akiwa msuluhishi, aliamua kwamba Fury lazima apigane na Wilder kwanza. Pambano la Saudi Arabia likavunjika, na tarehe 9 Oktoba 2021 wawili hao wakakutana Las Vegas, Fury akashinda katika raundi ya 11. Wilder alishindwa ulingoni, lakini haki yake ya mkataba haikuzimwa na fedha za wakubwa.

Hata hivyo, tusidanganyike. Usuluhishi ni chombo, na chombo huenda anakotaka nahodha. Msuluhishi akiteuliwa na promota peke yake, huo si usuluhishi, ni unyonyaji uliovaa kanzu ya haki. Vilevile, Tanzania ilijiunga mwaka 1964 na Mkataba wa New York wa mwaka 1958, unaowezesha uamuzi wa msuluhishi uliotolewa nchi moja kutekelezwa katika nchi nyingine. Hiyo ni ngao kwa bondia wetu anayedhulumiwa na promota wa ng'ambo. Lakini ni mtego pia: akitia saini kwamba ugomvi utaamuliwa London, atalazimika kujitetea London, na nauli ni yake.

Katika jimbo la California, Marekani, mkataba wa bondia na meneja wake huandikwa katika fomu ya kamisheni ya serikali, haupiti miaka mitano, na ugomvi wao huletwa mbele ya kamisheni hiyo kusuluhishwa. Hapo dola haikumwachia mnyonge apambane peke yake na mwenye mali.

Nasi twaziomba mamlaka za michezo Visiwani zichukue hatua kabla dhuluma haijaota mizizi. Mkataba wa kila bondia uandikwe kwa Kiswahili, naye apewe nakala yake. Msuluhishi achaguliwe na pande zote mbili, asiwe na maslahi katika pambano, na shauri lisikilizwe hapa Visiwani. Muda wa kutoa uamuzi uwekwe, na gharama zisimwelemee bondia.

Na vijana wetu nao wasome kabla ya kutia saini. Ngumi hupigwa kwa dakika chache. Saini hufunga kwa miaka.