Katuni Zinawafunza Nini Watoto Wetu?

Lugha yetu ina hazina ya maneno ya kuwatambulisha wanyama: jogoo na tetea, fahali na mtamba. Hata hivyo, tusemapo "nyuki ameruka," hapana ajuaye kama ni dume au jike, wala sarufi haitulazimishi kumtaja. Mchoraji wa katuni hana nafasi hiyo ya kunyamaza. Kiingereza humtaka achague kiwakilishi cha kiume au cha kike, kisha achore alama itakayomjulisha mtazamaji. Je, huchagua alama zipi?

Katika Steamboat Willie ya mwaka 1928, Mickey na Minnie walikuwa na umbo moja la panya. Minnie alitambulikana kwa sketi na viatu vya visigino. Baadaye akaongezewa kope ndefu na utepe. Tangu hapo, katika katuni nyingi, dume ndiye mnyama mwenyewe, na jike ni dume lililopambwa.

Kubaya zaidi ni pale maumbile yanapopinduliwa. Katika Bee Movie ya mwaka 2007, shujaa Barry ni dume, na kikosi kitokacho mzingani kwenda kuchuma chavua ni cha madume. Ukweli ni kwamba ajengaye masega, akusanyaye chavua na alindaye mzinga ni nyuki jike. Dume hana hata mwiba. Katika Barnyard ya mwaka 2006, Otis, ng'ombe dume, amechorwa na kiwele!

Haki nayo isemwe. Katika The Lion King ya mwaka 1994, simba dume hujulikana kwa manyoya ya shingoni kama alivyoumbwa. Shenzi, aliyepewa jina la Kiswahili, ni fisi jike na kinara wa wenzake wawili; na kweli kundi la fisi madoa huongozwa na jike. Kumbe yawezekana.

Wako watakaosema huu ni mchezo tu. Lakini mtoto wa mjini asiyewahi kuuona mzinga hana mwalimu mwingine wa nyuki. Msichana hujifunza kwamba hutambulikana kwa pambo, na mvulana kwamba kazi ni yake peke yake.

Basi wazazi, kuzima televisheni hakutoshi. Keti na mwanao, umuulize: "Umejuaje kuwa huyu ni jike?" Akijibu, "Kwa kope zake," hapo ndipo somo lianze.