Kinanda Hakijamkosea Mtu

Ukikaa na wapenzi wa muziki wa dansi, hukosi kulisikia hili: muziki wa kompyuta hauna roho, mashine inajipigia yenyewe, na aliyekaa nyuma yake ni mbonyeza vitufe tu. Lawama hizi ni za zamani, na Waingereza walizitoa kwa kishindo kutushinda. Mwaka 1982 tawi moja la chama cha wanamuziki jijini London lilipitisha azimio la kutaka sinthesaiza na mashine za ngoma zipigwe marufuku. Agosti ya mwaka huohuo, Vince Clarke na Alison Moyet wa mji wa Basildon, waliojiita Yazoo, wakatoa albamu ya Upstairs at Eric's. Anayeshikilia kwamba mashine haina roho aisikilize hiyo kwanza, ndipo tubishane.

Huko kujipigia yenyewe kulikuwaje? Enzi za Yazoo, Clarke alitumia sikwensa, yaani mashine ya kupanga noti, ya Roland MC-4. Kila noti iliingizwa kwa tarakimu: moja ya kimo cha sauti, nyingine ya muda hadi noti ifuatayo, nyingine ya muda wa kulia. Kosea tarakimu moja, besi nzima inakwenda mrama. Mpiga gitaa anayerudia mtindo uleule miaka nenda miaka rudi tunamwita msanii. Huyu anayepima kila noti tunamwita mvivu!

Halafu kuna Moyet, aliyetokea kwenye bendi za panki na bluzi, mwenye sauti nzito ya mikwaruzo. Vinanda vya Clarke vinapita vyembamba, vikiacha uwazi mkubwa katikati. Mwimbaji dhaifu angeumbuka hapo, kwa kuwa hakuna magitaa wala matarumbeta ya kujificha nyuma yake. Yeye anaujaza uwazi wote.

Na kwa wanaodai kwamba ukizima umeme hapabaki wimbo: mwaka 1983 kundi la Flying Pickets liliimba "Only You", wimbo wa Yazoo, kwa midomo mitupu, bila chombo hata kimoja, likashika namba moja Uingereza wakati wa Krismasi. Ni nyimbo ngapi za magitaa zingestahimili mtihani huo?

Sisemi kila kinachotoka kwenye kompyuta ni kitamu. Albamu hiyohiyo ya Yazoo ina "I Before E Except After C", mchezo wa maneno yaliyokatwakatwa, ambao mimi huuruka kila mara. Lakini ubovu wake ni wa wazo, si wa waya. Anayetaka kuwakosoa vijana wetu wa studio aseme mashairi hayana kitu, au sauti imepwaya. Kinanda akiache.